Nguo ya Usaili

Msikilizaji wa Kasesya, Matai na Sumbawanga, umeitwa kwenye usaili wa kazi serikalini. Vyeti umeshapanga. Nguo je?

Waraka wa Utumishi wa Umma Na. 3 wa mwaka 2007 unaeleza mavazi ya mtumishi awapo kazini. Nguo za kubana, zinazoonesha mwili, kaptura na malapa havina nafasi ofisini. Usaili ni mlango wa ofisi hiyo hiyo, basi vaa kama uliyekwisha kuajiriwa.

Huhitaji suti mpya. Shati la mtumba lililofuliwa na kupigwa pasi, suruali ya kitambaa, au sketi inayovuka magoti hata ukikaa, vinatosha kabisa. Nguo ikipwaya, mpelekee fundi cherehani mapema, si jioni ya mwisho.

Baridi ya huku kwetu Ufipa mwezi Juni na Julai haina mzaha. Vaa sweta la rangi moja, wala usiione haya. Ukitoka Kasesya kwenda kwenye usaili Sumbawanga, nguo ya usaili ibebe begini isichafuke njiani, ukabadilishe ukifika; viatu navyo vifute kabla ya kuingia.