Karatasi ya Mikono: Tuongee Mbele ya Kununua Vyombo



Mulituomba tuseme kitu juu ya ile wazo ya kufundisha vijana kutengeneza karatasi kwa mikono, sawa vile Wakorea wanafanya hanji yao. Wazo ni muzuri. Ila mupango wenye kuandikwa, miezi mitatu na vyombo, hautoshi.

Hanji inatoka mu ganda la ndani la muti wenye kuitwa dak. Wanakata vijiti vya mwaka moja wakati wa baridi, wanavipika na mvuke mpaka ganda linatoka, kisha wanakwangua ngozi nyeusi ya inje, inabaki nyeupe. Wanaichemusha mu mayi ya majivu, wanaisafisha, wanatoa takataka moja moja na vidole, wanatwanga. Wamama, hapo hamutashangaa: ni sombe, ila hii haikulwi. Nyuzi wanazitia mu beseni kubwa ya mayi pamoja na ute wa mizizi ya mumea moja, ndugu wa dongodongo. Ule ute unazuia nyuzi kuzama na kushikana mafungu-mafungu. Sasa mutu anachovya chujio la mianzi, anatikisa mbele na nyuma, kushoto na kuume, mpaka nyuzi zinapishana. Nguvu yote ya karatasi inatoka pale. Mwaka 1966, mu munara wa hekalu la Bulguksa, walikuta maandiko yenye kuchapwa katika karne ya 8, na bado yanasomeka.

Kuchemusha, kijana atajua mu juma moja. Mukono wa kutikisa unataka miaka.

Na tusiruke jirani. Baganda wako na nguo ya ganda la mutuba. Unesco ilitangaza ufundi wake kuwa urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2005. Wao wanapiga ganda zima na nyundo za mbao zenye mifereji mpaka linapanuka. Kisha kuvua ganda, wanafunga muti na majani ya mugomba, na muti unaota ganda lingine. Sisi huku, wazee walishona mizinga ya nyuki na ganda la miti ya pori, na ule muti haukupona. Pori letu tayari linaisha juu ya makala. Kwa hiyo ganda la pori, hapana.

Kuko mwenye aliuliza: tulete dak? Tena hapana. Ghana walileta muti wa jamaa yake mwaka 1969, leo umevamia misitu yao.

Tuko na mugomba. Ukisha kuzaa unakatwa tu, na shina lake liko na nyuzi. Majivu yako mu kila lupango. Shida ni mayi: kusuuza kunakula mayi mingi, na yale ya majivu yanachoma ngozi, hayamwagwi kwa jirani.

Na nani atanunua? Karatasi ya kuandikia inapita Kasumbalesa kwa bei yenye hatuwezi kushindana nayo. Tutafute kadi za ndoa, na wale wanauza sahani za shaba ya kupiga, wafunge bintu yao vizuri.

Wafadhili, tunaongea na ninyi bila kuficha. Wengi hapa walirudi toka Kala na Mwange, kambi zenye zilifungwa mwaka 2010. Wanajua mafundisho ya haraka: cheti, picha, kisha miezi sita cherehani inauzwa juu ya bukari. Kuliko vijana makumi tatu kwa miezi mitatu, tunaomba sita kwa mwaka muzima, na kitu kidogo cha chakula wakati mikono yao bado inajifunza. Wenye watabaki inje watanungunika, na wako na haki. Tuzungumuze nao kabla ya kuchagua, siyo kisha.

Tukikubaliana, tunaanza kiangazi hiki, sababu jua la kukausha liko. Mwenye ako na migomba mu lupango aandikishe jina kwa mwandishi wa chama.