Ritani ya Kwanza Kabla ya 30 Juni

Kila mwaka nchini Kenya, foleni za saiba hurefuka kadiri 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za ushuru, inavyokaribia. Kijana aliyeajiriwa karibuni huingia iTax, mfumo wa mtandaoni wa kuwasilisha ritani, kwa mara ya kwanza akiwa na namba yake ya PIN, lakini fomu ya P9, inayoonyesha mshahara na ushuru aliokatwa mwaka uliopita, bado hajaiomba kwa mwajiri.

Hapo ndipo wengi hupotea. Hudhani ushuru ukishakatwa kazini, wajibu umekwisha; au huwasilisha ritani ya sufuri, ambayo ni ya asiye na kipato.

Anayechelewa hutozwa faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kutegemea kipi ni kikubwa zaidi. Kwa anayeanza maisha, hizo si pesa kidogo. Ombeni P9 mapema, na msifunge kompyuta kabla ya kuhifadhi stakabadhi.