Kufungua Milango ya Makumbusho Bila ya Kuchelea Ajali



Napenda kuzungumzia namna nyumba za makumbusho zinavyowakaribisha watu wote na zinavyokabili ajali. Nalileta hapa kwa kuwa jamaa zetu pia wana hazina zao: masanduku ya njumu, picha, barua na kanga za bibi zetu. Wengi tumezifungia, tukichelea zisiharibike.

Hapa Uingereza, Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inazitaka taasisi zifanye marekebisho ya kufaa kwa watu wenye ulemavu. Ndiyo maana makumbusho mengi yana njia za mteremko kwa viti vya magurudumu, lifti, maandishi makubwa, na hata vitu ambavyo wasioona huruhusiwa kuvigusa. Faida yake humfikia pia mzee anayeumwa na magoti na mama mwenye mtoto.

Yuko atakayeuliza: wakiingia wengi, vitu havitavunjika? Huvunjika. Mwaka 1845, katika British Museum, London, mgeni mmoja aliuvunja mtungi mashuhuri wa kioo wa Kirumi uitwao Portland Vase. Uliungwa mwaka uleule, lakini vijipande 37 vikabaki nje. Ulipoungwa upya mwishoni mwa miaka ya 1980, vingi vya vijipande hivyo vilirejeshwa mahali pake, kwa sababu havikutupwa. Mwaka 2006, katika Fitzwilliam Museum ya Cambridge, mgeni alianguka ngazini akaiangusha mitungi mitatu ya Kichina iliyowekwa dirishani. Nayo vipande vyake vilikusanywa, ikaungwa.

Wala kufunga si salama. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 zama za Sayyid Barghash, ilikuwa imefungwa kwa miaka kadhaa kwa sababu ya ubovu wake. Tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiendelea, sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Kufuli peke yake haikuinusuru.

Kwa hiyo natoa rai: katika kila mkutano wetu tuweke meza ya kumbukumbu. Iwe ya kimo ambacho aliyeketi ataona, pembeni pawe na viti, na maelezo yawe ya herufi kubwa, kwa Kiswahili na Kiingereza. Picha tuonyeshe nakala, asili zibaki nyumbani. Kikivunjika kitu, kwanza tutazame kama kuna aliyeumia. Kisha tupige picha, tukusanye kila kipande katika mfuko wenye jina lake, wala tusikimbilie gundi kabla ya kumwuliza fundi ajuaye.

Wazee wanaowajua waliomo katika picha zile wanapungua. Picha iliyochanika huungwa. Ile ambayo hakuna tena awezaye kutaja majina ya waliomo, hiyo haina fundi. Basi tuzitoe sasa, wangali nasi.