JUDO NA TABIA YA MTU
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Kinondoni na Temeke



Tumeombwa kusema juu ya michezo na malezi, nasi tumechagua mchezo ambao wengi wetu twaujua kwa jina tu, yaani judo. Labda yuko atakayeuliza moyoni, "Makarani na mieleka, wapi na wapi?" Twaomba subira yake, maana swali hilo tutalijibu.

Kuanzia Tandale hata Mbagala, mzazi akiombwa ruhusa na mwanawe kwenda kujifunza mchezo wa kukamatana na kuangushana, hushikwa na hofu. Hudhani kwamba mtoto atatoka nyumbani mpole na kurudi mgomvi. Hofu hiyo si ya kuchekwa, kwa kuwa mitaa yetu haikosi vijana wanaojivunia ngumi zao. Basi na tuutazame mchezo huu tangu asili yake, tupate kujua kama hofu hiyo ina haki.

Judo ilianzishwa Tokyo, nchini Japani, mwaka 1882, na kijana wa miaka 21 jina lake Jigoro Kano. Alikuwa mdogo wa mwili, na alipokuwa shuleni wenye nguvu walimwonea. Kwa sababu hiyo alijifunza mieleka ya kale ya mashujaa wa kwao, akaichuja, akatupa zile mbinu za kujeruhi na kubakiza zinazoweza kufundishwa kwa salama. Ukumbi wake wa kwanza, aliouita Kodokan, ulikuwa ndani ya hekalu, nao ulienea mikeka 12 tu. Wanafunzi wa mwaka ule walikuwa 9. Jina lenyewe latufunulia nia yake: ju ni ulaini au upole, na do ni njia. Ni Njia ya Upole.

Tena bwana huyu hakuwa mpiganaji kwa kazi. Alikuwa mwalimu, na kwa miaka mingi alikuwa mkuu wa chuo cha kufundishia walimu. Mwaka 1909 aliingia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, naye ndiye mtu wa kwanza wa bara la Asia kukaa humo. Alifariki mwaka 1938 melini, akirudi kwao kutoka mkutano wa Kamati hiyo uliofanyika Cairo, katika bara letu hili. Aliacha kanuni mbili: ya kwanza, kutumia nguvu za mwili na akili mahali panapofaa pasipo kuzipoteza, ya pili, mtu na mwenzake kufaidiana na kusitawi pamoja. Kutokana na kanuni hizo twaona mafunzo matatu.

Funzo la kwanza ni kuanguka. Mwanafunzi mpya wa judo hafundishwi kwanza kumpiga mwenzake mwereka. Hufundishwa yeye mwenyewe kuanguka: kujikunja, kukinga kichwa, kupiga mkeka kwa mkono ili kishindo kisimwumize, kisha kusimama. Hurudia hayo mara nyingi mno, na hata mwenye mkanda mweusi huendelea kuyarudia. Wazee wetu walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na mchezo huu umelifanya neno hilo kuwa somo la kila siku. Ni wangapi kati yetu, waliokosa cheo walichokitazamia, au waliohamishwa pasipo kutaka, wakaanguka wasijue namna ya kuanguka? Mmoja aliingia katika ulevi, mwingine alimwekea kinyongo kila aliyempita. Haikuwa aibu kwao kuanguka. Kilichowaponza ni kukosa mazoezi ya kusimama tena.

Funzo la pili ni adabu. Wachezaji huinamiana kabla ya kushikana na baada ya kuachana. Aliyekabwa akigonga mkeka kwa kiganja, mwenzake sharti amwachie papo hapo. Mambo hayo si mageni kabisa kwetu. Watu wa Makunduchi, Unguja, katika sherehe ya Mwaka Kogwa hupigana kwa migomba ili kumaliza magomvi ya mwaka uliopita, kisha hula na kuimba pamoja. Mapigano yenye mpaka huzaa amani.

Mfano mkubwa wa adabu hiyo ulionekana Tokyo mwaka 1964, judo ilipoingia mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki. Mholanzi Anton Geesink alimshinda Mjapani Akio Kaminaga mbele ya Wajapani wenyewe, wakabaki kimya kwa majonzi. Waholanzi walipotaka kurukia mkekani kwa shangwe, Geesink aliinua mkono kuwazuia, asitake mwenzake aliyeshindwa afedheheshwe. Wajapani hawakuusahau mkono ule.

Funzo la tatu latuhusu sisi hasa tulio nyuma ya meza. Katika judo huwezi kujifunza peke yako. Lazima mwenzako akupe mwili wake umwangushe, nawe umpe wako. Ukimwumiza, kesho huna wa kujifunza naye. Kwa hiyo mwenye nguvu ndiye mwenye dhamana ya usalama wa mnyonge. Mzee akitoka Mbagala alfajiri kwa daladala, akasimama dirishani kwetu kutafuta karatasi moja, ni nani mwenye nguvu hapo? Ni karani. Akiambiwa "njoo kesho" bila sababu, ameangushwa na mtu aliyepaswa kumshika. Naye raia akija kwa hasira na matusi, karani akijibu matusi kwa matusi ni ukuta na ukuta kugongana. Mchezaji wa judo akisukumwa hasukumi. Hupisha, na nguvu ya mwenzake humpita. Neno moja la upole latosha kuipitisha hasira.

Walakini, wanachama wenzetu, tusidanganyane. Mkanda haumpi mtu tabia njema kama koti limpavyo joto. Tumtazame Popole Misenga, mzaliwa wa Bukavu, mashariki ya Kongo. Vita vilimtenga na jamaa zake angali mtoto, akapelekwa Kinshasa, na huko akajifunza judo. Mwaka 2013 alikwenda Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia, akaiacha timu yake, akaomba hifadhi nchini Brazili. Alisimulia kwamba walimu wake walikuwa wakimfungia kila aliposhindwa. Lakini alisema pia kwamba judo ilimpa utulivu na nidhamu. Mwaka 2016 alishindana katika Olimpiki ya Rio, katika timu ya wakimbizi, akashinda pambano lake la kwanza. Mchezo ni mmoja. Palipokuwa na ukatili, ukatili ulitoka kwa watu. Hofu ya mzazi, basi, ina haki, ila imeelekea mahali pasipo pake. Tusiuogope mkeka. Tumchunguze mwalimu.

Wala tusidhani kwamba judo ni ya wageni tu. Unguja, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka amewafundisha vijana tangu miaka ya 1990. Mwaka 2024 Andrew Thomas Mlugu aliiwakilisha Tanzania kwa judo katika Olimpiki ya Paris, katika uzani wa kilo 73. Na mabinti wasiachwe nyuma: wanawake walianza kushindania nishani za judo za Olimpiki mwaka 1992 huko Barcelona.

Kwa hayo twaweka mbele yenu maombi matatu. Kwanza, mtoto akiomba ruhusa, awe wa kiume au wa kike, asikataliwe kabla mzazi hajakwenda mwenyewe kumtazama mwalimu akifundisha. Pili, mzazi aangalie mambo haya: je, wanaoanza wanafundishwa kuanguka kabla ya kuangusha? Je, anayegonga mkeka huachiwa mara moja? Je, anayeshindwa hutukanwa? Akiona kasoro, amwondoe mwanawe siku hiyo hiyo. Tatu, Chama kifikirie kutenga sehemu ya michango yetu kwa ajili ya mikeka ya mazoezi, maana ndicho kitu cha gharama katika mchezo huu, na pasipo mkeka hakuna kuanguka kwa salama.

Vijana wetu wataanguka, tupende tusipende: katika mitihani, katika kutafuta kazi, katika biashara zao za kwanza. Kuwazuia wasianguke hatuwezi. Kuwafundisha kuanguka na kusimama twaweza, na kazi hiyo i mikononi mwa wazazi waliomo humu ndani.