Maganda ya Kahawa Yasiishie Mtoni



Wamisionari walipanda kahawa ya arabika pale Kilema, Kilimanjaro, mwaka 1898. Tangu hapo tumeithamini kahawa kwa punje zake. Leo naomba tuzungumzie kile tunachokitupa.

Tunda bivu la kahawa likimenywa huacha maganda yenye uzito wa karibu asilimia 40 ya tunda zima. Ukimenya kilo 100, kilo 40 hivi hubaki chini ya mashine. Mara nyingi maganda hayo huishia mferejini, na mfereji huishia mtoni. Yanapooza, bakteria humaliza oksijeni iliyomo majini, samaki hufa na maji hunuka. Wanaoishi bondeni ndio huyachota. Mifugo nayo haiwezi kulishwa maganda hayo kwa wingi, kwa sababu yana kafeini na tanini.

Yupo kiumbe anayeyaweza, naye ni kuvu. Uyoga mamama hutoa vimeng'enya vinavyovunja nyuzi ngumu za mmea na kuzigeuza chakula chake. Nchini Mexico, watafiti waliukuza kwenye maganda ya kahawa tangu miaka ya 1980, na njia yenyewe haihitaji kiwanda.

Kazi huenda hivi. Maganda huanikwa juani siku ile ile, kabla hayajaota ukungu. Yakikauka huchanganywa na majani makavu ya mgomba yaliyokatwakatwa, hulowekwa, huchujwa maji, kisha hupikwa kwa mvuke ndani ya pipa kwa saa kadhaa ili kuua vijidudu. Yakipoa hujazwa mifukoni pamoja na mbegu za uyoga. Mifuko hukaa gizani wiki tatu hadi nne, mpaka utando mweupe uenee. Ndipo hupewa hewa, unyevu na mwanga kidogo, na uyoga huchomoza. Kilo 10 za maganda makavu zaweza kutoa kilo 5 hadi 10 za uyoga mbichi. Mabaki hurudi shambani kama mboji.

Sasa niseme wazi kwa wanaoshika fedha. Msaada ukifika, tunapenda kuanza na jengo. Lakini banda la udongo, safi na lenye ubaridi, linatosha. Fedha ziende kwanza kwenye mbegu bora, pipa na kuni. Mfuko ukionyesha ukungu wa kijani, utolewe mara moja na kuzikwa mbali, maana utaambukiza mingine. Na kwa kuwa uyoga mbichi hudumu siku chache tu, mnunuzi atafutwe kabla mbegu hazijanunuliwa. Unaobaki ukaushwe, tukijua kwamba kilo 10 mbichi hubaki kilo 1 hivi.

Ombi langu ni hili. Kila kamati yenye mashine ya kumenya ianze na mifuko 50 msimu ujao, na iandike daftarini gharama, mavuno na mauzo. Nanyi wafadhili, liombeni daftari hilo kabla ya kuchangia jengo. Likionyesha faida, tuongeze mifuko. Lisipoonyesha, maganda yote tuyafanye mboji. Lakini kwa vyovyote vile, yasirudi mtoni.