SOMO LA SINEMA: HADITHI MOJA, PICHA MBILI

Ndugu wasikilizaji wa Bugarama, leo tutajifunza kuipima sinema iliyotengenezwa upya. Watu wengi wakitoka kutazama picha ya namna hiyo husema tu, "Ile ya zamani ilikuwa bora." Pengine ni kweli, lakini mwanafunzi hutoa jibu pamoja na sababu yake.

Mfano wetu ni Total Recall. Chanzo chake ni hadithi fupi ya Mmarekani Philip K. Dick, iliyotolewa mwaka 1966, juu ya mtu anayetaka kununua kumbukumbu ya safari. Mwaka 1990 Paul Verhoeven aliifanya sinema, na mchezaji mkuu alikuwa Arnold Schwarzenegger. Mwaka 2012 Len Wiseman aliitengeneza upya kwa dola milioni 125 hivi, na nafasi ile akapewa Colin Farrell.

Picha ya 1990 yatupeleka katika sayari ya Mirihi. Watu huko huchimba madini, na mtawala wao, Cohaagen, ndiye mwenye hewa. Wakimpinga, huwafungia. Ninyi mnaokaa karibu na migodi hamhitaji maelezo marefu. Mtu aliyeshuka katika duara ajua kwamba hewa ikikatika, dhahabu si kitu tena; kinachotafutwa ni pumzi. Mirihi i mbali, lakini shida ya watu wake twaijua.

Katika picha ya 2012 Mirihi imeondolewa, na habari ya hewa imekwenda nayo. Dunia imeharibiwa kwa sumu ya vita. Zimebaki nchi mbili, moja ya wenye mali upande wa Uingereza, na nyingine ya wafanyakazi huko Australia. Wafanyakazi husafiri katika lifti kubwa ipitayo katikati ya dunia kwa dakika 17, waende kuunda roboti za polisi. Yaani wanachonga rungu litakalowapiga wenyewe.

Watazamaji waligawanyika. Wengine walisifu miji na mbio zake. Wahakiki wengi walilalamika kwamba mzaha na maajabu ya picha ya kwanza yametoweka. Mapato yake duniani hayakufika mara mbili ya gharama.

Basi kosa liko wapi? Kubadili si kosa, na lile wazo la lifti ni zuri. Lakini picha yaharakisha kwenda kwenye mapigano, haikai na wale wasafiri hata tuone wanavyoumia. Katika ile ya kwanza twaona watu wakikosa pumzi, nasi twajua kwa nini shujaa hana budi kufanya haraka. Ukiondoa mzigo uliowaelemea watu wa hadithi, weka mwingine wenye uzito sawa.

Kazi ya kikundi: chagueni hadithi moja mliyoisikia kwa wasimulizi wawili. Ni nini kimeondolewa? Ni nini kimewekwa mahali pake? Na mwenye kuumia, je, bado twamwona?

Kwaherini, mpaka juma lijalo.