Bastet, Mlinzi wa Nyumba katika Misri ya Kale



Hapana mkulima asiyejua thamani ya paka. Ghala isiyo na paka ni karamu ya panya, na penye panya wengi nyoka naye hakawii kufika. Wamisri wa kale, ambao maisha yao yalitegemea ngano na shayiri ya bonde la Nili, walilifahamu sana jambo hili, hata likaingia katika dini yao.

Katika mji wa Bubastis, karibu na Zagazig ya leo, palikuwa na hekalu la mungu wa kike aitwaye Bastet. Hapo kwanza alionyeshwa kwa kichwa cha simba jike, naye alikuwa mlinzi wa mfalme. Karne zilipopita ukali wake ulipungua, akapewa kichwa cha paka, akawa mlinzi wa nyumba, wa wanawake na watoto wao.

Herodotus, Myunani aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo, asema kwamba paka akifa nyumbani, wote waliomo walinyoa nyusi zao. Tena Diodorus, aliyefika Misri yapata mwaka 60 kabla ya Kristo, alishuhudia Mrumi mmoja aliyeua paka pasipo kukusudia. Watu wakaivamia nyumba yake. Mfalme Ptolemy alituma wakuu wamwombee, maana nchi nzima iliihofu Roma, walakini hakuokoka.

Basi lililo ajabu ni hili. Paka waliokaushwa na kufungwa sanda walitolewa sadaka hekaluni kwa maelfu. Wataalamu walipowapiga picha za eksirei waliona kwamba wengi walikuwa wachanga, na shingo zao zimevunjwa. Walifugwa ili wauawe, kisha wauziwe mahujaji. Na katika mwaka 1890 tani 19 za paka hao, wapata 180,000, kutoka makaburi ya Beni Hasan, zilipelekwa Liverpool, zikauzwa ziwe mbolea.

Mrumi aliua paka mmoja kwa bahati mbaya, akalipa kwa roho yake. Waliowaua kwa makusudi, maelfu kwa maelfu, walipata faida, na hapana aliyenyoa nyusi. Ndivyo iwavyo kitu kitakatifu kikiingia sokoni: jina lake hubaki juu, na heshima yake hushuka.